Picha ya Babu Yako

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Magomeni ya Kilosa tu wazima, na shangazi yako kajifungua salama hospitali ya Berega.

Umeniomba picha ya babu yako. Sina, mjukuu wangu. Alikuwa dereva wa watalii Mikumi, akiwatafutia wanyama wa kupiga picha. Siku moja alinichukua na mimi nikaone. Tuliposhuka kwenye bwawa la viboko, akamwomba mgeni mmoja mwenye kamera atupige picha sisi wawili.

"Mtupishe kidogo," mgeni akasema, "mnawaziba viboko."

Tukapisha. Babu yako alicheka, akaendelea kuwaonyesha wageni viboko. Mwaka uleule akafariki.

Viboko wale wana picha zao huko Ulaya. Mimi sura yake imeanza kunitoka. Njoo upesi nikusimulie.

Bibi yako,
Mwanahamisi