Kisanduku cha Pili kwenye Fomu ya Vermont

Corinne mwanangu,

Maharage yako jikoni, usizidishe moto. Mbwa akilia mfungulie. Nimevuka mto kwenda Vermont, bandani kwetu, maana maji matamu ya miti ya mepo yameanza kutiririka na lazima yapikwe leo yawe shira. ~~Msinisubiri kula.~~ Niwekeeni sahani.

Asubuhi niliondoka mezani sijamaliza kahawa. Sikukuzira. Nilidhani kwa kuwa sasa nalala kwenu New Hampshire, jimbo ambalo mshahara hautozwi kodi, basi Vermont nao wameniachia. Ukanicheka: "Baba, wanatoza pale shira inapopikwa, si pale unapolaza kichwa." Sawa, nitalipa. Kilichonichoma ni kile kisanduku cha pili kwenye fomu yao ya kodi ulichosema nikitie alama: *Si mkazi.*

Miaka thelathini nimezurura na reli na meli, na kila waliponiuliza kwetu wapi, nilijibu Vermont bila kufikiri. Kila theluji ilipoanza kuyeyuka nilirudi, nikamkuta mama yako bandani, uso mwekundu kwa mvuke. Akanimwagia shira ya moto juu ya theluji igande kama peremende, tango la siki pembeni la kukata utamu. "Haya mgeni, karibu ule." Nilikuwa nacheka. Leo sikuweza.

Fomu iko chini ya bakuli la sukari. Alama nimetia, pale pale uliponionyesha, na sahihi pia. Ipeleke posta kabla sijarudi, maana nikiikuta hapa nitaichana.

Baba