Masharubu ya Kocha Orrin

Marlys, uko wapi? Mkutano wa mashabiki wa hoki ya barafuni ya chuo umeisha jioni hii, na bado siamini masikio yangu.

Unajua timu imechapwa msimu mzima. Leo wamemwita kaka yangu Orrin, kocha wao, wajue nani kaiua. Nikajua tu wanamfukuza kazi! Mmoja akamlaumu kipa. Mwingine akasema barafu ya siku hizi ni laini.

Mara mwenyekiti, yule Haugen wa duka la chambo, akasimama. "Tusizungushane jamani. Timu ilianza kufa siku kocha aliponyoa masharubu."

MASHARUBU, Marlys! Ukumbi mzima, "Kweli kabisa!" Hata mkuu wa chuo akaitikia kwa kichwa.

"Nani alimwambia anyoe?" Macho yote yakamgeukia wifi yangu Darlene, mkewe Orrin.

Darlene akainuka. "Nyinyi mlikuwa mnayaangalia tu. Mimi ndiye niliyekuwa nayabusu, yamejaa supu ya uyoga!"

Unadhani walicheka? Haugen akamuuliza kwa sauti ya msibani, "Shemeji, huwezi kujikaza hadi msimu uishe Machi?"

Wakapiga kura. Wanaotaka masharubu yarudi, mikono juu. Ukumbi ukawa msitu wa mikono. Na katikati ya msitu, Marlys, mkono wa Orrin! Wa Orrin mwenyewe! Na Darlene akauona.

Sasa hivi kocha wetu yuko sebuleni kwangu, kajilaza kwenye kochi na begi lake, anajipapasa mdomo wa juu. Ananiuliza kama yameanza kuota.