Waliokukataa Wamenichagua Mimi

Dada Yusta,

Wamenichagua kuwa mwenyekiti wa kijiji. Usinipongeze. Ni watu walewale wa Litapunga, na vichwa ni vilevile. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla habari haijakufikia huko ikiwa imepambwa.

Unaukumbuka mkutano ule wa kwanza, mwaka tulioletwa barabarani tukaambiwa sasa sisi ni kijiji? Chama kilirudisha majina mawili, lako na la Bwana Teofili, karani wa mizani ya tumbaku. Hakuna mkulima pale ambaye mzigo wake haukuwahi kupungua uzito mbele ya Teofili. Wote walijua, na ndiyo kwanza walizidi kumpenda. Nilimsikia shemeji yako Anselmi akiwafundisha wenzake kwenye pombe: mtu aliyekwisha shiba hana haja ya kuiba tena, lakini huyu Yusta, mjane mwenye kanga ya viraka, akishika kijiji ataanza kujijenga. Wakaitikia kwa vichwa kama watu waliosikia Injili. Kwa akili hiyo, fisi akishamla mbuzi wa kwanza, mkabidhi zizi.

Siku yenyewe Teofili alisimama na koti lake kwenye jua kali, jasho likimtiririka, akasema maneno machache tu. "Mimi sina shida ya kitu. Nyumba yangu ina bati." Wakapiga makofi. Utadhani mvua ikinyesha wangekwenda wote kujikinga kwake.

Wewe ukawaambia wilaya imeahidi trekta, na kwamba likija lilime kwa zamu, na tela lake libebe wagonjwa kwenda Mpanda. Hukuishia hapo. Ukasema wanaume wengi wa kijiji hiki wanakwenda shamba la ujamaa kulala. Ilikuwa kweli. Mzee mmoja akauliza kama huyu mama anaomba kura au anagombeza, watu wakacheka, na mimi nikajua umekwisha.

Tukaambiwa tujipange, kila mtu nyuma ya anayemtaka. Mstari wa Teofili ulifika mpaka kwenye mihogo. Nyuma yako nilisimama mimi, mama mdogo, na wachache ambao hawakuogopa kuchekwa. Anselmi, mdogo wa marehemu mume wako, aliyekula ugali kwako jana yake, ambaye watoto wake wote uliwapokea kwa mikono yako wakizaliwa, alikwenda kule akiangalia chini. Angalau yeye aliangalia chini.

Jioni ile nililia kwa hasira, wewe unachambua mboga. Ukaniambia, "Hawana ubaya, mdogo wangu. Wanaogopa kuongozwa na mtu anayefanana nao." Sikukubali. Mpaka leo sijakubali. Mtu anayejidharau namna hiyo, mimi nimheshimu kwa lipi?

Trekta lilikuja kweli. Likalima kwa Teofili, likalima kwa ndugu zake, na lilipofika kwa wengine magugu yalikuwa magotini. Kila mkutano ulisimama ukauliza. Wakakupa jina, Mama Trekta, wakawa wanakuita hivyo kisimani na hata kanisani. Ukawa unaitika.

Halafu ugonjwa ule wa tumbo ukakushika. Nilikimbia kwa mwenyekiti, nikaambiwa trekta liko Mpanda, limepeleka matofali ya nyumba yake ya pili. Tukakufunga kwenye kitanda, wanaume wakakubeba kwa zamu kwenye matope. Walikuwa walewale wa mstari mrefu. Anselmi alibeba zamu nyingi kuliko wote, mabega yakamchubuka, analia. Niliwatazama wakiteleza na kuinuka na sikuwaonea huruma hata kidogo. Wewe ndiye uliyesema, kwa sauti iliyokuwa inaisha, "Wapeni maji hao, wamechoka." Hukusema tena. Mpanda hatukufika.

Hujui ya msibani, Dada. Siku ya kukuzika trekta lilipatikana. Teofili alilituma likusanye waombolezaji mpaka wa Katumba, akaleta na sukari, akasimama kaburini na koti lake akasema kijiji kimepoteza mama. Na watu, baada ya kushuka kwenye tela ambalo ungeweza kupona ndani yake, wakasema mwenyekiti ana utu. Nilisikia kwa masikio yangu, wakikoroga chai.

Sasa trekta limekufa, limeota majani, mbuzi wanalala chini yake. Duka la kijiji limebaki rafu tupu, na Teofili wamemchoka. Uchaguzi ulipokaribia, Anselmi akaja kwangu na wazee, wamevaa nyuso za msiba. Wakasema nisimame, watu wote watanipa kwa ajili ya marehemu. Nikawauliza wameona nini kwangu. Anselmi akasema, "Wewe ni mpole kuliko dada yako. Wewe hutatugombeza."

Unaona? Ulipokuwa hai uliwaudhi. Umekufa, umekuwa mtakatifu wao, kwa sababu mfu haulizi swali mkutanoni.

Nilitaka kuwafukuza. Nikakumbuka kitanda kile kwenye matope, nikakubali. Kwenye mkutano sikusema neno zaidi ya jina langu na jina la baba. Mstari wangu ulipita mihogo. Wengine walikuwa wanajifuta machozi, na wale waliokucheka walijipanga mbele kabisa ili nione sura zao.

Juzi nimeanza kazi. Parokia imetupa mkokoteni na ng'ombe wawili. Nimeuweka kwenye zahanati, nikatangaza kwamba ni wa wagonjwa na wajawazito tu. Asubuhi hiyohiyo Anselmi akaja kuuchukua akabebee mahindi yake, anacheka, ananiita shemeji, shemeji, ananikumbusha nani alinileta kwenye kiti. Nikamwambia aondoke. Akadhani natania. Nikamwambia mbele ya watu kwamba akiugusa nitamshitaki kwenye baraza, yeye wa kwanza.

Kicheko kikamwisha. Kisha akasema kwa sauti ya kutukana, "Kumbe na wewe ni Yusta."

Nikaingia zahanati nikalia. Tangu tukuzike nilikuwa sijalia, Dada. Nilikuwa nadharau tu, na dharau ilinishika kama fimbo.

Sitawapenda. Hilo sikuahidi, usinidai. Lakini mgonjwa wa kijiji hiki, awe Anselmi, awe Teofili mwenyewe, hatabebwa tena kwenye matope nikiwa hai. Na uchaguzi ujao wakininyima, nitakwenda kila mkutano niwaulize.

Lala, dada yangu. Mama mdogo anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Perpetua