Sauti ya Hallur Niliyoifuta kwa Mkono Wangu

Shangazi Lovisa mpendwa,

Nimesoma safu yako tangu nilipostaafu, na nakiri kwamba mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, nikijiuliza mtu mzima anawezaje kujitumbukiza shimoni kisha aombe kamba gazetini, na leo niliye shimoni ni mimi, kwa hiyo naomba msaada wako, na naomba usinicheke kama nilivyowacheka wenzangu.

Nina miaka sabini na miwili, nilikuwa fundi wa simu, na kwa miaka tisa sasa ni msaidizi katika chama chetu cha kompyuta, kinachokutana kila Jumanne asubuhi kwenye chumba cha chini cha kanisa, ambapo wazee wenzangu huleta mashine zao zilizogoma, na asiyeweza kubeba yake sisi humfuata nyumbani. Tuna kanuni mbili, na mimi mwenyewe ndiye niliyezibandika ukutani: mwenye mashine ndiye anayeshika kipanya, msaidizi anakalia mikono yake, na hakuna kinachofutwa kabla nakala ya kila kitu haijawekwa pembeni. Kwenye kadi ya ziara kuna kisanduku cha kutia alama kwamba nakala imechukuliwa, na mwenye nyumba hutia sahihi chini yake.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kwa Steinunn, mjane wa miaka sabini na tisa. Mumewe, Hallur, ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya hapa mjini, na kabla hajafanyiwa upasuaji wa koo uliomwachia pumzi bila sauti, alikaa mbele ya kompyuta ile majira mazima ya baridi, ziwa likiwa limeganda, akijirekodi: hadithi za utotoni, nyimbo alizofundishwa na mama yake, na moja ya dakika sita, baraka kwa mjukuu wake Kristrun kwa siku atakayoolewa, maana alijua hatakuwepo. Kristrun anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu, diski yake ya kuzunguka ilikuwa imejaa pomoni, na Steinunn na kipanya ni kama mtu anayemshika panya wa kweli, kila anapobofya anauliza, "Hapa? Hapa? Una hakika, mdogo wangu?" na kahawa ilikuwa tayari, nikachoka, nikamwambia, "Dada, wewe kata keki, nishike mimi kidogo tumalize." Akacheka, akasema, "Oddny akisikia umeshika kipanya changu atakukata mikono!" Oddny ni mwenyekiti wetu, alikuwa nesi mkuu, na ulimi wake haujastaafu. Nikamjibu, "Oddny hayupo hapa." Basi yeye akiwa anakata keki ya tabaka ya plamu, nikaona folda mbili zenye faili za majina yale yale, moja imeandikwa Sauti, iko mbele kabisa kwenye kioo, nyingine imefichika ndani na ni nzito mno, nikajiambia ni kitu kimoja kimewekwa mara mbili, nikaifuta ile nzito, nikamwaga na kikapu cha taka, kisha kwenye kadi nikatia alama katika kisanduku cha nakala, kwa mazoea tu, Shangazi, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati, na nakala sikuwa nimechukua.

Nilikuwa nusu ya njia kurudi nyumbani nilipokumbuka vile vimshale vidogo vilivyopinda, kwenye kona ya kila kijipicha cha faili katika folda ya Sauti. Hallur alikuwa amemwekea mkewe njia za mkato, vibao vya kumwelekeza tu, ili asipate shida ya kutafuta. Vibao nimeviacha. Nyumba ndiyo niliyobomoa.

Kesho yake akanipigia simu. "Mdogo wangu, nimembofya Hallur, mashine inasema haimpati. Nimekosea wapi?" Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia mashine bado inajipanga, aipe muda. Akasema, "Ni vidole vyangu hivi, siku moja vitaniharibia kila kitu." Nikanyamaza, Shangazi. Nilishika simu nikanyamaza.

Tangu siku hiyo sili nikashiba. Mikutano yetu huanza kwa kila msaidizi kusimama na kueleza kosa lake la wiki, wengine wanapiga makofi, na mwenye kosa kubwa kuliko yote huosha vikombe, na Jumanne iliyopita Oddny alinigeukia mbele ya watu wote: "Na wewe, fundi wetu? Wiki ya tatu hii huna kosa. Tukutafutie mabawa ya malaika?" Wakacheka, na aliyecheka zaidi ni Steinunn, akasema, "Mwacheni jamani! Mashine yangu ameifanya nyepesi kama unyoya. Sasa hivi Kristrun ananitumia picha za maandalizi ya harusi, kila siku kumi, ishirini, nazihifadhi zote na wala haigomi."

Anaamini mashine imeshamaliza kujipanga, na ameniomba nifike Alhamisi hii niiweke ile baraka kwenye flashi, ichezwe ukumbini. Nimefikiria kujiuguza. Nimefikiria kusema diski imekufa yenyewe, maana diski kuukuu hufa na hakuna atakayebisha. Nimefikiria kumzungusha mpaka harusi ipite nisije nikamharibia furaha. Simu ikilia moyo unaruka, mke wangu anadhani ni ugonjwa na ameniwekea miadi kwa daktari, na mimi nitakwenda kupimwa moyo huku nikijua ninachoumwa. Namwogopa Steinunn kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu, naye hajawahi kunipandishia sauti. Nifanye nini?

Wako,
Fundi Mwoga

*

Fundi,

Acha kusoma. Mpigie Steinunn sasa hivi, mwambie azime ile kompyuta, achomoe waya ukutani, na asiiwashe tena kwa sababu yoyote. Akiuliza kuna nini, mwambie unakwenda kwake leo, utamweleza ana kwa ana. Ukimaliza, rudi hapa.

Umepiga? Kama hujapiga, hakuna mstari mmoja chini ya huu utakaokufaa.

Sasa nikueleze sababu. Unaijua, ila hofu imekuondolea elimu yako yote kichwani. Nilikuwa mkutubi kwa miaka thelathini na miwili, enzi za kadi na makabati ya droo ndogondogo. Chukua kadi ya kitabu kwenye droo ya katalogi, uichane. Msomaji atakuja, atatafuta, ataambiwa kitabu hakipo. Lakini nenda kwenye rafu ukaangalie: kitabu kimekaa palepale kilipokuwa jana, na kitakaa hapo mpaka siku kitabu kipya kitakapoletwa na mtu akaona nafasi ile haina mwenyewe. Diski kuukuu ya kuzunguka hufanya kazi hivyo hivyo. Ulipomwaga kikapu, ulichana kadi. Sauti ya Hallur haikuondoka siku ile.

Lakini soma tena barua yako mwenyewe. Picha kumi kwa siku, ishirini kwa siku, na anazihifadhi zote. Kila moja ni kitabu kipya kinachotafuta pa kukaa. Bibi wa watu anaweka picha za harusi juu ya baraka ya harusi, wewe umeketi kitini unamtazama, na wenzako wanapiga makofi.

Kwamba kimebaki kiasi gani, siwezi kukwambia. Ulifungua nafasi kubwa, na huenda picha zimekaa kwingine. Hilo ni tumaini, usilibebe kama ahadi.

Sikukasirikia kidole chako kilichofuta. Mimi mwenyewe, nikiwa na miaka minne tu kazini, nilitoa sanduku zima la magazeti ya zamani ya wilaya litupwe, nikiamini tuna seti nyingine chini. Hatukuwa nayo. Niligundua siku ile ile, nikaogopa, nikasema moyoni kwamba nitafute kwanza maneno mazuri. Nilimwambia mkuu wangu siku ya nane. Alinitazama, akauliza swali moja tu: "Lori la taka lilipita lini?" Lilikuwa limepita siku ya sita. Magazeti yangerudi, Fundi. Yalikaa siku sita nyuma ya jengo letu, kwenye sanduku lake, yakiningoja nipate ujasiri.

Ndiyo maana sitakubembeleza sana. Naijua hofu yako, naijua hata ladha yake mdomoni asubuhi. Lakini nitakugombeza kwa jambo moja. Mwanamke wa miaka sabini na tisa alikwambia kwamba vidole vyake ndivyo vilivyompoteza mumewe, nawe ukamwachia alale na neno hilo wiki tatu. Hapo niliweka miwani mezani, nikainuka kwenda kusimama dirishani kidogo. Kufuta ulifuta kwa haraka, na haraka tunayo sote. Hili ulilifanya polepole, kila siku upya.

Mipango yako mitatu, basi. Ukijiuguza, atamwita msaidizi mwingine, naye ataona katika dakika mbili ulichokifanya. Ukisema diski imekufa, ataitupa, na hapo utakuwa umemzika Hallur mara ya pili, safari hii ukijua. Na ukimzungusha mpaka harusi ipite, wazia ukumbi: watu wameketi, Kristrun ameshika mkono wa bibi yake, mtu anabonyeza, na hakitoki kitu. Uko tayari kukaa meza ya ngapi siku hiyo?

Nenda leo. Usingoje Alhamisi. Kabla hujatoka mpigie Oddny, mwambie yote, na umwombe aende nawe kwenye gari. Atakutukana tangu kwako mpaka kwa Steinunn, na matusi yake yatakufaa kuliko huruma ya mkeo. Isitoshe, Steinunn atahitaji mtu wa kubaki naye ukishaondoka, na mtu huyo hawezi kuwa wewe.

Usiingize programu yoyote ya kurudisha faili kwenye mashine ile. Najua utatamani, kwa sababu wewe ni fundi na ungependa kufika na dawa mkononi. Programu yenyewe nayo ni kitabu kipya, inaweza kukalia sauti uliyokwenda kuitafuta. Diski itolewe, ifungwe vizuri, ipelekwe jijini Winnipeg kesho asubuhi kwa watu ambao kazi yao ni hiyo tu. Waambie kuna harusi. Bili ije kwako, na usiitaje mbele ya Steinunn.

Tafuteni kwingine pia. Mwalimu wa kwaya hajirekodi majira mazima ya baridi bila kumsikilizisha mtu. Tumieni kompyuta nyingine kufungua barua pepe alizotuma mwaka ule. Ulizeni wanakwaya wake wa zamani, mmoja mmoja. Mwambieni Kristrun leo hii, ana haki ya kujua mapema, na vijana huwa na vitu kwenye simu zao walivyokwisha kuvisahau.

Sasa maneno yenyewe, kwa sababu najua ukifika mlangoni utaanza kuzungumzia hali ya hewa. Usikubali kahawa kwanza. Ukikubali kahawa, keki itafuata, na baada ya keki utakuwa umerudi kuwa mwoga. Sema hivi ukiwa bado umesimama: "Dada Steinunn, niliifuta sauti ya Hallur. Nilishika kipanya chako, sikuchukua nakala, nikaandika kwamba nimechukua. Ulipopiga simu nilikudanganya. Vidole vyako havikukosea chochote."

Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikufukuza, toka, lakini mwachie Oddny kazi ya kuitoa diski. Msamaha usimwombe leo, utakuwa umemtwika kazi juu ya msiba. Atautoa siku yake, au hatautoa, na hilo si lako kulipangia.

Jumanne ya wiki ijayo simama wa kwanza, kabla Oddny hajakutaja. Isome kadi ile ya ziara kwa sauti, na kisanduku chake. Kisha uoshe vikombe.

Wiki tatu umeogopa kwamba ukifungua mdomo, sauti ya Hallur itakuwa imepotea kweli. Muda wote huo kimya chako ndicho kilichokuwa kikiandika juu yake. Kinyamazishe. Ufunguo wa gari uko wapi?

Lovisa

*

Kwa wasomaji: jibu hili nilimtumia Fundi kwa barua pepe Jumatatu saa saba mchana, saa moja baada ya barua yake kunifikia, kwa sababu gazeti hutoka Alhamisi na diski haingoji gazeti. Nalichapisha kwa idhini aliyoitoa pamoja na barua yake, na majina nimeyabadilisha. Saa tisa na robo alasiri aliniandikia mistari hii, na mpaka tunakwenda mitamboni sijapokea mwingine:

"Waya umechomolewa. Oddny yuko pembeni yangu, ameacha kunitukana tangu tulipokata kona. Tumeegesha mbele ya nyumba. Steinunn ametuona dirishani, ananipungia mkono."