Nimekula na Nani

Jumanne, 4 Machi 2025
Kilo mia na kumi na nane. Daktari hakuniongezea dawa ya presha. Kanipeleka chumba cha mwisho kwenye korido, kwa mshauri wa saikolojia anayekuja Same kila Jumanne kutoka Moshi. Jina lake Careen. Umri wa binti yangu Irine. "Shikamoo, Mwalimu Sifael." Marahaba. Kiti chembamba – nilikikalia kwa wasiwasi.

Nilitegemea karatasi ya usile hiki, usile kile. Hakuna. Kanipa daftari lililopigwa rula: saa, chakula, na nani, ulijisikiaje kabla. Nikamwambia kabla ya kula mtu husikia njaa. Hakucheka. Kasema niandike tu.

Lile atalisoma yeye. Hili ni langu.

Alhamisi, 6 Machi
Makande ya wiki nzima, niliyapika jana, yamekwisha. Bado natumia sufuria kubwa ya mke wangu Eliakunda. Sijui kupikia mtu mmoja. Sahani ya mwisho haikuwa hata sahani – nimesimama jikoni nikala kwa mwiko.

Alikwenda Dar Januari mwaka jana, Irine alipojifungua. Miezi mitatu, alisema. Huu ni wa kumi na tano. Hatujagombana. Hakuna aliyesema harudi.

Kwenye daftari la kliniki nimeandika: makande, sahani moja. Mwalimu mzima.

Jumanne, 11 Machi
Careen alisoma kimya. Akaweka kidole kwenye safu ya "na nani", akashuka nacho hadi chini. Peke yangu, peke yangu, peke yangu. Kurasa mbili.

Nikamwambia mama yuko kwa mtoto wetu, kulea mjukuu.
"Anarudi lini?"
Nikatazama dirishani, mawingu yamekaa mlimani. Nikasema karibuni. Halafu nikaungama habari ya makande, kwamba haikuwa sahani moja. Kasema asante kwa kumwambia. Nilidhani atanigombeza kama mimi ninavyogombeza watoto.

Njiani nikanunua chapati nne. Zikaisha kabla sijafika kwangu. Hizo nimeziandika.

Jumamosi, 15 Machi
Jirani yangu Mbaraka, mwenye duka la vitambaa, kanikaribisha futari. Nikakataa mara mbili. Akaja kunichukua mwenyewe: "Mwalimu, Sharifa kashapakua."

Watu saba mkekani. Nilihangaika kukaa chini, mke wake Sharifa akaleta kigoda. Uji, tende, mihogo ya nazi. Wakabishana kama mvua imefika Kwakoa au bado. Nikaulizwa na mimi. Nilisahau sahani, nilikuwa naongea.

Nilikula mara moja tu. Nikashiba! Nyumbani giza, redio nimeacha inaongea yenyewe. Nikapita jikoni bila kufungua kabati. Nikakaa kitandani na viatu.

Jumanne, 18 Machi
Mia na kumi na saba na nusu. Careen hakuishangilia nusu kilo. Alitaka kujua niliporudi kutoka kwa Mbaraka nilijisikiaje. Nilitaka kusema vizuri. Nikalia. Mwanamume wa miaka hamsini na sita, mbele ya binti. Akasubiri mpaka nikamaliza.

"Mwalimu, mama mwenyewe umeshamuuliza?"
Nikasema mambo hayo huwa hayaulizwi. Akaniuliza nani kasema.

Alhamisi, 20 Machi
Simu mkononi jioni nzima. Sikupiga. Mkate mzima. Peke yangu.

Jumapili, 23 Machi
Nimetoka kanisani, nikapakua wali, nikampigia kabla ya kula. Mjukuu anatembea, anavuta vitambaa vya meza. Dar joto. Huku mvua. Maneno yakaisha, mahali ambapo kila Jumapili tunaagana.

"Mama Irine, utarudi?"

Nikaitazama simu. Nikadhani mtandao.

"Miezi yote hii, Baba Irine, hukuwahi kuniuliza."
Nikasema kweli, sikuwahi. Niliogopa.
"Mimi nilidhani umeshazoea." Sauti yake haikuwa ya hasira. Mtoto akalia. Kasema, subiri, usikate.

Kaweka simu mahali. Dakika sita sasa. Nimeiacha spika, iko hapa mezani, naandika ili mikono iwe na kazi. Nasikia vijiko, televisheni, Irine anauliza ni nani. Jibu sikulisikia. Wali umepoa. Sina njaa.

Mtoto amenyamaza. Televisheni imezimwa. Kuna mtu anavuta kiti karibu na simu –