Povu Kwenye Kapeti

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umeanza kukubali kukanyaga. Shangazi ananiambia unakula vizuri na kubisha vizuri zaidi, kwa hiyo sina wasiwasi na wewe. Mimi mzima. Mgonjwa ni pikapu yako.

Tangu uniachie baada ya mazishi ya Mama ilikuwa imelala bandani. Juzi nimeitoa, mvua ya kwanza ikanikuta njiani, na mapazia ya hospitali niliyoyaweka kwenye kiti yakalowa. Kitambaa cheupe, Baba, kimechorwa kutu! Mkuu wa wodi amenipa hadi tarehe ishirini na nane nipeleke mengine, makavu. Yakilowa tena, kazi anapewa fundi mwingine. Kati ya wateja wa Mama, ni huyo tu aliyebaki.

Gari unalijua kuliko mimi. Maji yanaingilia wapi?

Mwanao

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mguu unanitii asubuhi, jioni unanisaliti. Shangazi yako anakusalimu na anasema wewe ndiye mbishi.

Anza na mpira wa mlango. Fungia kipande cha karatasi mlangoni, kisha kivute. Kikitoka bila kubishana, mpira umekufa. Kisha tazama kingo za kioo cha mbele. Kisha chini ya kioo, pale majani yanapoziba njia ya maji. Usiwe na pupa, gari kuukuu halitaki kelele.

Dari liache. Halina kosa.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijambo, ila nimechoka.

Karatasi ilitoka bila kubishana, nikabadilisha mipira yote miwili. Ikavuja. Fundi wa vioo akazungusha gundi ya silikoni kioo kizima. Ikavuja. Nimezoa majani mpaka kucha zimekuwa nyeusi, na mimi ni mtu wa kushika kitambaa cheupe. Ikavuja. Jana niliketi ndani huku fundi wa pale kona akimwaga maji juu kwa mpira wa bustani. Akachungulia dirishani akauliza, "Dada, una hakika hili ni gari? Mimi naona chujio."

Sikucheka. Nilikuwa nimepaka unga wa chaki kila mahali ndani, ili maji yakipita yaache njia. Njia imeanzia juu, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Tena maji yaliyofika kwenye kapeti yana povu. Maji ya mvua yanatoa wapi povu?

Umesema dari niliache. Kwa nini?

Mwanao

18 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Povu ni la sabuni unayooshea gari. Suuza vizuri.

Dari ukilishusha halirudi lilivyokuwa. Nunua turubai, funika mapazia yako, maisha yaendelee.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Hilo gari sijaliosha tangu uliponipa ufunguo.

Nimeshusha dari. Matundu manne, mawili mbele, mawili nyuma, kila moja limezibwa kwa sabuni ya kipande. Juu umepaka rangi, ndiyo maana hakuna fundi aliyeyaona. Sabuni, Baba! Unaziba mvua kwa sabuni? Siku kumi na sita nimekuwa nikipiga magoti kwenye kapeti linalonuka, nakuandikia, nawe unanipeleka milangoni huku ukijua.

Nilikaa pale chini nikiyatazama hayo matundu, ndipo nikakumbuka kilichokuwa kimesimama juu yake. MAMA PAZIA. TUNAPIMA, TUNASHONA, TUNATUNDIKA. Uliniambia kibao kiling'olewa na upepo. Upepo gani unafungua nati?

Fundi anasema silikoni peke yake haitadumu, bati linatikisika. Anataka boliti na washa za mpira, vile vipete vya kuzuia maji. Zimebaki siku nane. Kibao kiko wapi?

Mwanao

26 Machi

Binti yangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Nilistahili.

Baada ya mazishi, kila niliposimama mtu aligonga kioo. "Mama Pazia yuko wapi leo?" Walikuwa hawajasikia. Siku ya nane nikapanda juu na spana. Sabuni ndiyo iliyokuwa kwenye droo ya gari. Miaka thelathini nimeziba matangi ya mafuta kwa sabuni, na petroli haijawahi kuiyeyusha. Mvua sikuifikiria. Sikuwa nafikiria kitu. Baadaye nikaona haya kukwambia, nikakuzungusha.

Kibao nilikuwa nacho, chini ya godoro. Shangazi yako alidhani ninalalamikia mgongo kwa sababu ya uzee. Nakituma na barua hii kwa basi la asubuhi, utakipata kesho. Boliti zake nne na washa mpya za mpira ziko ndani ya soksi. Pakaza silikoni kila tundu. Kaza kwa mkono kwanza, ndipo spana, pembe kwa pembe, kidogo kidogo. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, bati litapinda na utakuwa umerudi kwenye kapeti.

Kisha mwambie huyo wa chujio amwage maji, nawe ukae ndani.

Na watakapogonga kioo kumuulizia Mama Pazia, wafungulie uwajibu. Mimi nilishindwa.

Baba yako