Steki Niliyokataa Kuigeuza

Baba Koku, mume wangu,

Walikuja Jumapili. Kaka yako mkubwa, Ta Kamuzora, wazee wawili wa ukoo, na balozi wetu wa nyumba kumi awe shahidi. Nilijua walichofuata. Mimi nimekuzalia mabinti watupu, na kwa desturi yetu kibanja, nyumba na migomba yake, hakiachwi mikononi mwa mjane asiye na mtoto wa kiume. Walikuja kunitoa.

Ila kwanza shemeji alitaka kula. Alinipa nyama ya ng'ombe aliyonunua buchani Nshamba, akasema, "Nikaangie steki ile ya marehemu. Niile mara ya mwisho kabla hujafunga mizigo." Waitu! Nikaichukua nyama kwa hasira nikaingia jikoni.

Nikakukumbuka. Yule mzungu wa kahawa uliyempikia Bukoba alipoondoka baada ya Uhuru, ulirudi nyumbani na kikaango chake kizito cha chuma. Majirani wakakucheka: mwanamume jikoni, tena na nyama isiyochemshwa! Mimi nami nilicheka. Ukanifundisha hivyohivyo: "Ikaushe kwa kitambaa, itie chumvi, ngoja chuma kitoe moshi. Ukishaiweka, usiiguse. Itajiachia yenyewe."

Basi nikaiweka. Ikalia chwaa, moshi ukajaa jiko. Ta Kamuzora akaja mlangoni akikohoa: "Geuza, mwanamke! Inaungua!" Unajua nilivyolelewa, mkubwa akisema nainama. Mkono ulikwishafika kwenye kikaango. Nikaurudisha. Akafoka tena. Sikugeuza. Machozi yalinitoka, na hapo nilikuchukia kidogo kwa kufa. Kisha nikaisukuma pembeni kwa ncha ya kisu, ikajiachia. Upande wa chini ulikuwa wa kahawia, mzuri, haukuungua hata kidogo.

Aliila yote. Wale wazee waliona damu ndani, wakaomba nyama yao niichemshe na ndizi.

Alipokwisha kunawa akatangaza nihame kabla ya mavuno ya kahawa. Nami, ambaye sijawahi kumjibu mtu wa ukoo wenu, nikasema, "Sitoki." Nilikwisha kumkatalia jikoni na paa halikuanguka; ningeshindwaje sebuleni? Balozi akakohoa, akasema shauri hili lipelekwe kwanza kwenye tawi la chama. Shemeji akaondoka bila kuaga.

Atarudi, namjua. Mbwa wa jirani akibweka tu, nakimbilia dirishani kuchungulia. Naogopa, Baba Koku, na hakuna wa kumwambia ila wewe.

Jana nimepalilia kaburi lako hapo kati ya migomba. Upande wa kushoto pana nafasi. Nakuahidi, nikitoka katika nyumba hii nitakuwa nakuja hapo, si kwingine.

Lala salama, mume wangu. Usijinyooshe sana. Nafasi hiyo ni yangu.

Mama Koku